Mashine ya Upepo Uliyonikatalia

Wandera, bwanangu mdogo,

Zile salamu za kwenye barua, za mimi ni mzima sijui wewe huko, leo nimeziruka. Wewe uko hapa nje ya mlango, nakusikia unafunga kamba kwenye hiyo kompresa yako kama mtu anayemfunga ng'ombe mkorofi. Najua u mzima. Mgonjwa hawezi kuvuta kamba hivyo huku anapiga mluzi.

Anayeandika ni Mama Rispa, jirani yetu, kwa sababu mkono wangu haujui kalamu na leo si siku ya kuufundisha. Yeye ni Mtaita, lugha yetu haijui, ndiyo maana unanisoma kwa Kiswahili, ila Kukhu halijageuzwa kuwa bibi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinivalishe viatu. Barua ataiweka ndani ya shati lako jeupe, nawe utaikuta kesho ndani ya gari la moshi, Nairobi ikiwa imebaki nyuma na mimi nikiwa siwezi kukujibu. Hivyo ndivyo ninavyotaka. Tukisemezana uso kwa uso tutagombana tena, na tangu Jumamosi tumegombana vya kutosha.

Mambo ya kula, kulala, kufua soksi na kwenda kanisani sikwambii. Kama hukuyashika miaka yote niliyokulea hapa Kabiria, karatasi haitakusaidia. Nataka kusema juu ya mashine. Jumapili uliniomba niitemee maji kabla haijaanza kazi, kama baba yangu alivyokuwa akikitemea kila chombo kipya cha uhunzi. Nami nikakujibu, tena mbele ya wageni, kwamba siwezi kubariki aibu. Ukachukua kitambaa, ukaendelea kuifuta. Ungenijibu ingekuwa nafuu. Sasa kesho unakwenda Busia kufungua kazi yako mwenyewe ya kupiga magari rangi, na chombo unachokitegemea hakijapata neno la mtu wa kwenu. Jambo hilo limenikaa kifuani kama tonge lililomezwa haraka.

Kwanza nikwambie kwa nini niliitaka ile ya kijani.

Tulipoingia uani kwa yule Mhindi anayeuza mashine zilizotumika, kule nyuma ya River Road, mimi niliiona kabla yako. Ilikuwa juu ya meza, kijani kama jani la mgomba baada ya mvua, ina saa yake ya kupimia upepo, yenye sindano, ina magurudumu madogo ya mpira. Alipoiwasha kwa stima, iliimba. Sindano ikapanda mpaka mwisho kufumba na kufumbua. Akafungua koki, upepo ukanivua leso kichwani, watu wote pale wakacheka, na mimi nikacheka. Nikasema moyoni, hii. Hii ndiyo itakayoshuka na mjukuu wangu Busia. Wanawake wa kwetu wataacha vikapu vyao waje kuigusa. Watauliza, huyu ni mtoto wa nani? Wataambiwa, ni wa Nabwire, yule mjane aliyekwenda Nairobi na nguo moja.

Unajua kwetu jinsi ilivyo. Mtu akirudi kutoka Nairobi hawamtazami uso, wanatazama mzigo. Kama kuna kitu kinang'aa, wanakubebea mpaka nyumbani wakiimba. Kama hakuna, wanakuuliza kama ulikuwa unaumwa.

Wewe ile ya kijani hukuitazama mara mbili. Ulikuwa umeinama konani, kwenye matope, mbele ya lile dude. Unisamehe, lakini lilikuwa dude. Kutu, mafuta meusi, tangi kubwa kama mbuzi mwenye mimba ya mapacha, injini ya petroli ya kuvutwa kwa kamba, gurudumu moja limeegemezwa jiwe lisikimbie. Nikakuuliza, "Umepoteza nini huko?"

"Nimepata, Kukhu."

Mhindi naye akashika kiuno. "Mama, hii kijana yako anaona nini kwa hiyo chuma? Hiyo ilikuwa ya watu wa kuchimba barabara. Hii kijani imetoka kituo cha petroli, safi kabisa, kazi yake ilikuwa tairi tu."

"Ndiyo sababu siitaki," ukamwambia, tena kwa upole, kama mtu anayekataa chai ya pili. "Tairi linataka upepo mkali kidogo, basi. Gari zima linataka upepo mwingi usiokatika."

Halafu ukafungua mfuko wako, ukatoa bomba lako la rangi lililofungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga, ukaomba ile boneti kuukuu iliyokuwa imeegemea ukuta. Ukasema hutoi hata senti mpaka umeipiga rangi yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama. Mhindi akacheka akasema, "Piga, piga." Ukaanza na ya kijani. Mwanzoni rangi ilitoka laini, nikakukodolea macho ya ushindi. Hujafika hata katikati, sindano ikaanguka, bomba likaanza kukohoa, rangi ikatoka matone matone. Boneti ikawa kama uso wa mtoto mwenye surua.

Nikasema, "Si uiache ipumzike kidogo ijae? Hata mtu hupumzika."

"Mashine ikipumzika, Kukhu, rangi haiingojei. Hii inakauka wakati unafuta jasho. Ukirudi pale ulipoachia unakuta mpaka, na huo mpaka mwenye gari atauona kila asubuhi akifungua mlango."

Ukaenda kwa lile dude. Kwanza ukalizunguka. Ukakagua mkanda, ukachungulia mafuta ya pampu, ukainama chini ya tangi kuona kama ile koki ya chini inafunguka. Mtu mmoja akakuuliza unatafuta nini huko, ukamwambia upepo ukibanwa unatoa jasho, na maji hayo yasipotolewa kila jioni yataingia kwenye rangi. Nilikusikia. Nilijifanya sisikii.

Ukavuta kamba, ikakataa. Ukavuta tena, ikakataa. Wavivu waliokuwa wameegemea ukuta wakaanza, "Vuta, bwana, labda inataka chai!" Mwingine, "Hapana, huyo mzee amelala, mwiteni mkewe!" Ilipowaka ilitoa moshi kama nyumba inayoungua, nikaziba pua. Halafu ukaipiga ile boneti upande wa pili, yote, ukarudi ukaipiga mara ya pili juu ya ile ya kwanza, na mkono wako haukusimama, na sindano ilitikisika kidogo tu ikakaa. Wale wa ukutani wakasogea kutazama. Niliona kwa macho yangu haya mawili, Wandera. Sikudanganywa na mtu. Niliona, na bado nikasema, "Chukua ya kijani."

"Hapana, Kukhu."

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana. Busia hakuna stima. Hiyo ya kijani nitaichomeka wapi, kwenye muhogo?"

Hapo ndipo walipocheka, na safari hii walinicheka mimi. Nikafunga leso yangu, nikatoka, nikaacha hata basi lipite. Nilitembea kurudi Kabiria mpaka miguu ikaniuliza tunamkomoa nani.

Sasa, kitu ambacho Jumamosi sikukisema, kwa sababu kilikuwa kinanicheka tumboni. Mimi nimeshawahi kununua ya kijani. Babu yako alipokuwa mpishi kule Kitisuru, mimi nikiwa bado nyumbani Samia, alinitumia ujumbe kwamba anakuja likizo, aniletee nini, mabati ya paa au kitu kingine? Nyumba yetu ilikuwa inavuja mpaka tulikuwa tunahamisha kitanda kama watu wanaocheza dansi. Nami nikamwambia, lete gramafoni. Mke wa mwalimu alikuwa nayo, na nilikuwa sitaki tena kusimama dirishani kwake. Basi babu yako akashuka nayo, ina tarumbeta ya shaba kubwa kuliko kichwa chake. Tuliimbiwa njia nzima! Mvua ilipokuja ilitukuta tumekaa tunasikiliza santuri huku nimeifunika gramafoni kwa blanketi, watoto hawana blanketi. Halafu sindano zake zikaisha, na sindano hizo zilikuwa zinauzwa Nairobi tu. Mwisho kuku akataga ndani ya tarumbeta. Kuku yule ndiye peke yake aliyepata faida.

Babu yako hakunilaumu hata siku moja. Mimi ningemlaumu. Nilichojifunza sikukisema kwa mtu, nilikitia tu chini ya kitanda pamoja na ile gramafoni, nikidhani nimekielewa. Kumbe jambo unaweza kulielewa vizuri sana, na siku likirudi limebadilisha rangi, ukalipigia vigelegele tena.

Na la pili ni baya zaidi, kwa sababu hilo nilifundishwa kabisa.

Unajua baba yangu alikuwa mhunzi. Wasichana hawakuruhusiwa kukaribia tanuru, lakini kaka zangu walikuwa wadogo na watu walikuwa wanasubiri majembe yao kabla ya mvua, basi baba akanikalisha kwenye mivukuto, akasema mwenye neno alete mikono yake. Siku ya kwanza niliipiga ile mivukuto kama mtu anayeua nyoka. Moto ukaruka, cheche zikajaa paa, waliokuja kutazama wakanisifu, na mimi kichwa kikavimba. Halafu mikono ikaisha. Chuma kilikuwa katikati ya kazi, upande mmoja mwekundu, upande mwingine umerudi kuwa mweusi. Baba alipokipiga nyundo, kikapasuka. Hakunichapa. Aliokota kile kipande, akakaa karibu yangu, akasema, "Nabwire, nani alikuomba upepo mkali? Mimi nataka upepo utakaokuwepo mpaka nimalize."

Maneno hayo niliyapata kabla sijaota matiti. Jumamosi yalisimama mbele yangu yana tangi na kutu, nami nikaziba pua.

Lakini wewe, nani alikuambia? Si mimi. Sijawahi kukusimulia habari ya mivukuto, kwa sababu kila nikianza kusimulia mambo ya baba unaniambia una usingizi. Uliyapata mwenyewe, kwa mikono. Nakumbuka ulipoingia kwenye gereji ya yule Kalasinga, tajiri wako, mwaka mzima hukugusa bomba. Ulikuwa mtu wa msasa na maji tu. Ulirudi hapa vidole vimechubuka mpaka huwezi kushika ugali wa moto, nikawa nakumegea kama mtoto wa kunyonya. Nikakwambia uache, nikuombee kazi ya bustani kwa memsabu wangu Spring Valley ninakofua nguo. Ukaniambia, "Kukhu, rangi haifichi kitu. Nikiacha mkwaruzo leo, nitauona kesho unang'aa." Nikadhani ni kiburi cha kijana.

Nilielewa siku gari la memsabu liliporudi kutoka gerejini kwenu. Nilikuwa naanika mashuka. Dereva akaliegesha kivulini, nikasogea na beseni langu, na hapo nikaona mwanamke mzee ananitazama kutoka mlangoni mwa gari. Kumbe mimi! Kioo changu hapa nyumbani kinatosha jicho moja, lingine lingoje zamu. Siku ile nilijiona mzima, na leso, na beseni, na kovu la shavuni, na nyuma yangu mashuka yanapepea. Memsabu akatoka, akauliza, "Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Rangi hii amepiga mjukuu wangu."

Akaitazama, akasema, "Nzuri sana."

Nikamwambia, "Najua."

Mpishi wake alinitania wiki nzima, ati kila gari likipita barabarani nasimama kujitengeneza leso. Ni kweli. Bado nafanya hivyo. Na mara nyingine nikiwa mjini nikaona gari limeng'aa vile, naligusa mlango kwa nyuma ya mkono, mwenyewe asione, nijue kama ni lako. Lako ni laini kama ganda la yai lililochemshwa. La mtu mwingine lina chunusi.

Sasa nikwambie nilichofanya leo mchana ulipokwenda kuwaaga wenzako gerejini. Nilimwita mume wa Mama Rispa, nikamwambia avute kamba ya mashine yako. Akasema, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia mpaka kesho mwenyewe ni mimi. Akavuta. Kwako ilikuwa imekataa. Kwake ilikataa zaidi, mpaka akavua koti. Ilipowaka nikachukua mpira wa upepo, nikaweka kiganja changu mdomoni pake, kama tulivyokuwa tukipima mdomo wa mivukuto. Nikafunga macho, nikaanza ule wimbo wetu wa tanuru, unaoimbwa tangu chuma kinaingia motoni mpaka kinatoka jembe. Ni wimbo mrefu, na mimi siimbi haraka. Upepo ulikuwepo nikianza. Ulikuwepo nilipofika pale mivukuto ilipokuwa ikinishinda utotoni. Ulikuwepo nilipomaliza, ule ule, haukunipandia wala haukunishukia. Mkono ulikuwa umekufa ganzi.

Mume wa Mama Rispa akasema, "Inatosha, mama, unamaliza petroli ya mtoto."

Nikamwambia angoje kidogo. Nililia. Mama Rispa, ambaye alikuwa anachungulia dirishani, anataka kuandika kwamba nililia sana. Nimemkataza. Nililia kiasi.

Watu wa Busia watalicheka dude lako, hilo usijidanganye. Utashuka nalo pale sokoni na watakuuliza kama Nairobi ilikosa takataka za kuweka. Wacheke. Mimi nimewatangulia, nimecheka kuliko watakavyoweza wao, na unaona nilipofikia. Yale mabasi yanayovuka mpaka na malori ya samaki yanapita hapo yakiwa yameliwa na kutu, na wenyewe wanayapeleka Kisumu kupigwa rangi. Wewe piga moja. Usiseme neno. Liache lisimame sokoni siku ya soko.

Na ile hapana yako, Wandera. Miguu yangu ilipokuwa ikiniuliza maswali njiani, nilikuwa nasema moyoni, huyu mtoto amepata wapi uso wa kunikatalia mbele za watu? Nimekulea ushike maneno yangu. Lakini nikafikiri, wewe unakwenda mahali ambapo atakuja ndugu akutake umpigie rangi juu ya kutu kwa sababu ni ndugu. Atakuja mtu mkubwa mwenye haraka. Atakuja mtu na gari ambalo halisemi limetoka wapi. Wote watakuwa na maneno matamu, na wengine watakuwa na mvi kama zangu. Mtu aliyeweza kunikatalia mimi, na ananipenda, na ananiogopa, na nilikuwa kichwa wazi kwa hasira, huyo hao wengine hawamwezi. Uliponiambia hapana hukupandisha sauti. Hukunitukana. Ulisema tu, ukageukia kazi yako. Wanaume wazima nimewaona hawawezi hivyo. Babu yako hakuweza. Angeweza, tungekuwa na mabati.

Ninajivuna juu yako mpaka ninaona haya. Nikikuaga kesho stesheni nitakuwa nakugombeza juu ya kola ya shati au kitu kingine cha bure, kwa sababu ndivyo mdomo wangu ulivyotengenezwa. Usisikilize mdomo. Mama Rispa, hapo uandike kwa herufi kubwa.

Ninasikia umeacha kupiga mluzi, umeingia kulala. Mama Rispa akishakwenda kwake nitatoka na kikombe changu cha maji. Nitasimama mbele ya hiyo mashine nijaze kinywa, niitemee kwenye tangi, kwenye pampu, kwenye magurudumu yote mawili, na nitasema majina ya watu wetu waliofanya kazi ya chuma, moja moja, na la mwisho nitasema lako. Asubuhi utaikuta imelowa. Utalaani umande wa Kabiria, utachukua kitambaa, utaifuta mbio mbio kwa sababu unaogopa kutu. Ukisoma hapa utakuwa umeshaifuta.

Si neno. Umande huo ulikuwa mate yangu, na yalikuwa yameshaingia.

Kukhu wako,
Nabwire